Mkwe Wangu Aliponipisha Njiani

Mimi nilijua watu wa mlima wameanza kukimbia hata kabla wao wenyewe hawajatangaziana, kwa sababu nauza viatu. Nina kibanda cha mitumba sokoni Bungoma, na zamani wapanda mlima walikuwa wakija kwangu kutafuta buti. Buti nzito, buti ya ngozi, buti ya kufunika kifundo. Nilikuwa naziweka mstari wa mbele. Halafu mambo yakageuka. Kijana anakuja, yule yule niliyemuuzia buti, anaishika buti kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, anaiweka chini. "Mathe, hii ni mzigo. Huna raba nyepesi, zenye meno chini?" Meno ya nini? "Ya kukimbia kwa mlima." Nikamwambia, mwanangu, huko juu kuna nyati, unakimbia kwenda kumsalimia? Akacheka, na wiki iliyofuata akaja na wenzake.

Mimi mwenyewe naenda mlimani, msinicheke. Daktari wa presha aliniambia nichague: nitembee, au aniongezee dawa juu ya zile ninazomeza. Nikachagua kutembea. Shoga yangu, mwalimu mstaafu tunayeimba naye kwaya, akanivuta kwenye kundi la watembeaji wa Bungoma na Kitale. Kulikuwa na watu wa benki, walimu, wenye maduka, hata wakulima wa mahindi ambao ungedhani wametosheka kutembea shambani kwao. Mwanzoni tulitembea wote. Tunapanda pamoja, tunapumzika pamoja, tunakula viazi vitamu na mayai, tunashuka tukiimba. Kisha mmoja akajaribu kukimbia kwenye mteremko, mwingine akamfuata, na kabla mahindi ya mwaka huo hayajavunwa kundi lilikuwa limegawanyika, sisi wa miguu na wao wa mbio. Picha zote kwenye simu zikawa zao, wanaruka vijito, matope hadi magotini, meno yote nje. Anayetembea akaanza kuonekana mgonjwa. "Bado mnatembea nyinyi?" wanatuuliza, eti ni huruma.

Niliziogopa mbio hizo tangu siku ya kwanza na sikuficha. Njia ya Mlima Elgon si lami. Ni mizizi na utelezi na mianzi iliyoanguka, na ukungu ukishuka huoni hata aliye mbele yako. Anayetembea akijikwaa anapiga magoti. Anayekimbia akijikwaa, Mungu ndiye anajua atatua wapi. Nililisema hilo mbele ya kundi zima na vijana wakanibatiza Mama Woga. Jina likashika, hata shoga yangu akaanza kulitumia.

Lakini kuna jambo moja ambalo mbio zilinisaidia. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, alikuwa kwenye kundi lile lile.

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawana mchezo. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawaangaliani machoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wala si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa, maana huyo mwanaume anamjua binti yako kwa namna ambayo wewe hutaki kuifikiria. Mkwe wangu si Mbukusu. Wazazi wake ni watu waliotoka upande wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, yeye akazaliwa Kitale. Siku ya harusi dada ya mume wangu alimketisha chini akamfundisha kila kitu, na tulidhani atasahau kufikia jioni. Wapi! Alishika kuliko vijana wetu. Nikifika kwao Kitale kumwona mjukuu, nasikia mlango wa nyuma umefungwa, na huyo ameshaenda kukaa kwa jirani. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Ukiniuliza wakati huo sura yake, ningekuelezea mgongo.

Sasa fikiria mimi na yeye kwenye njia moja ya mlimani. Alipokuwa bado mtembeaji ilikuwa shida tupu. Yeye akibaki nyuma, mimi sipumziki. Mimi nikibaki nyuma, yeye hapumziki. Alipoanza kukimbia tulipumua wote wawili. Yeye na wenzake wanachomoka alfajiri, mimi bado nafunga kamba, na wakimaliza kupanda wanashuka kwa njia nyingine inayozunguka upande wa mapango. Wakifika langoni yeye anaingia kwenye gari, anajifunika kofia usoni, anajilaza mpaka tuondoke. Kila mtu alijua mpango huo na kila mtu aliucheka. Kwangu mimi mlima ulikuwa mkubwa wa kututosha.

Siku hiyo tuliingia kwa lango la upande wa Endebess. Asubuhi ilikuwa safi, unaona mahindi ya watu mpaka kule chini. Binti yangu alikuwa amebaki Kitale na mtoto. Askari wa mbuga alitutangazia kwamba njia ya mapango imefungwa kwa sababu kuna ndovu na mtoto wake mchanga, na ndovu mwenye mtoto hana utani. "Mtapanda na kushuka kwa njia hii hii moja," akasema. Wakimbiaji wakaitikia ndiyo na kuchomoka. Mimi nilisikia maneno hayo kabisa, na nikafikiria ndovu tu.

Tulikuwa ndani ya mianzi ukungu uliposhuka. Elgon haikuonyi. Ukiinua kichwa kuna jua, ukikiinua tena hakuna kitu. Njia hapo ni nyembamba, kulia ni ukuta wa udongo, kushoto ni mianzi, na nyuma ya mianzi hatukuona kuna nini. Mimi na shoga yangu tulikuwa wa mwisho kama kawaida, wenzetu wametangulia na askari. Tukasikia miguu inashuka. Pa, pa, pa, mbio kweli kweli. Halafu jaketi la mkwe wangu la rangi ya chungwa likatokea kwenye kona, karibu hivi, ningeweza kuligusa kwa fimbo.

Alisimama ghafla. Mimi nikageukia ukuta, nikavuta kofia usoni. Nilisikia raba zake zimeteleza kidogo, nikasikia mianzi inavunjika upande wa kushoto, kisha kimya. Amenipisha, nikajiambia, mtoto mwenye adabu huyu. Nikaongeza mwendo nipite upesi ili naye arudi njiani. Shoga yangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Bana, huyu anaogopa mama mkwe kuliko nyati!" Na mimi nikacheka naye. Nilicheka, jamani.

Hatukufika mbali. Mvua ilianza, mvua ile ya mlimani yenye vipande vya barafu ndani, na askari akarudi kutukusanya, akasema basi, tunashuka. Wakimbiaji waliobaki juu walitupita wakikimbia, mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Nasi tukashuka kwa njia ile ile, tukapita kona ile ile. Mimi nilikuwa napiga kelele wakati huo kwa sababu shoga yangu alikuwa anateleza na mimi ndiye nilikuwa namwambia aweke mguu wapi. Sauti yangu si ya kunong'ona, waulize kwaya.

Langoni kulikuwa na moto na chai. Wakimbiaji walikuwa wameshakauka nusu. Sikumtafuta mkwe wangu kwa macho, kwa sababu si adabu kumtafuta mkwe kwa macho. Wenzake nao hawakumtafuta. Alikuwa wa kwanza kugeuka kule juu, kwa hiyo walijua ameshafika, na kama hayuko kwenye moto basi yuko kwenye gari amejifunika kofia, anamkwepa mama mkwe. Watu wazima, kundi zima, tulikunywa chai tukiwa na uhakika huo. Ni dereva aliyefungua mlango wa gari tuondoke. Akasema, "Hapa hakuna mtu."

Wengine waliongea wote kwa wakati mmoja, mmoja anasema ameonekana kwenye kijito, mwingine anasema labda ameshika njia ya mapango kwa ndovu. Simu yake haikupatikana. Askari alishaanza kupanga watu waende kwenye njia panda ya juu, mahali ambapo wageni hupotea. Na mimi nimeshika kikombe, nasikia mianzi inavunjika, na sasa ndiyo nikasikia kile ambacho sikukisikia mara ya kwanza, kwamba baada ya kimya kile hakuna mtu aliyerudi njiani. Nikasema, "Hajapotea. Najua alipo. Alinipisha akaanguka."

Askari aliniangalia. "Mama, alikupisha vipi?" Nikamweleza kwa maneno machache, na naona aibu mbele ya watu wote, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Yeye alikuwa mtu wa Cheptais, wanajua desturi zetu huko. Hakucheka. Alichukua bunduki na redio yake, akaniambia nimwelekeze kona ni ipi. Nikamwambia kona za mianzi zote ni sawa, siwezi kuelekeza, nitaenda mwenyewe. Binti mmoja wa wale wakimbiaji akasema naye anakuja.

Basi Mama Woga alikimbia siku hiyo. Kupanda, kwenye matope, na presha yangu, na sketi yangu juu ya suruali. Nilianguka nikainuka. Nilikuwa nasali kwa sauti, kwa Kibukusu, namwita Wele, Mungu wetu, kama mtu anayemwita jirani nyumba ikiungua. Sikusali maneno ya kanisani. Nilikuwa nasema tu, asife, asife, nitamwambia nini binti yangu, asife. Kila kona nilidhani ndiyo. Nilianza kuogopa kwamba nimeshaipita, kwamba nimewapeleka watu mahali si penyewe na yeye yuko chini yetu anakata roho.

Niliitambua kwa ukuta. Kulikuwa na alama ya kiganja changu kwenye udongo mbichi, pale nilipojishikilia nilipogeuka. Ng'ambo yake mianzi miwili ilikuwa imekatika, na nyuma yake hakukuwa na ardhi. Lilikuwa korongo, limefunikwa na majani juu, mtu hawezi kujua. Askari aliita. Tukasikiliza. Mvua tu. Aliita tena, na kutoka chini kukaja kitu kama mtu anayesafisha koo.

Redio haikushika pale. Ilibidi askari apande mpaka mahali palipo wazi ili awaite wenzake, na yule binti ashuke mbio langoni kuleta kamba na watu. Ndiyo faida ya mbio, niliiona siku hiyo, msichana yule alitoweka kama hakuwepo. Askari aliniambia, "Mama, wewe kaa hapa. Usishuke. Mwongeleshe tu." Nikasema sawa.

Nilikaa kidogo. Nikaita, "Uko hai?" Hakuna jibu. Nikaita tena. Hakuna. Mayi wee, nikaketi kwenye matope, nikashika mianzi, nikashuka kwa makalio. Nilikuwa naogopa kuanguka, naogopa nyoka, naogopa nyati, na zaidi ya yote naogopa kile nitakachokikuta.

Nilimkuta amekaa kwenye maji, mgongo kwenye jiwe. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya, sitaueleza. Kaptura yake ya kukimbilia, zile fupi wanazovaa, ilikuwa imepasuka upande mzima mpaka kiunoni. Aliponiona aliinua mkono taratibu sana akafunika uso.

"Mama, usije," akasema.

"Nyamaza wewe."

"Mama, niko uchi."

Hasira ilinipanda, hasira ya woga, ile ya mzazi anayempiga mtoto aliyeponea kugongwa na gari. "Mbona hukuita? Tumepita hapo juu! Tumepita watu wote!"

"Niliwasikia." Alikuwa anaongea kama mlevi, maneno yanagongana. "Nilisikia sauti yako. Nikasema wacha upite kwanza. Halafu niite. Mlipopita, sauti ikakataa kutoka."

Nilivua jaketi langu nikamvisha, nikavua sketi nikamfunika kiuno na miguu, nikabaki na suruali. Nilipomgusa mkono niliruka, ulikuwa baridi kama samaki. Nilimtoa kwenye maji kwa kumvuta kwapani, akapiga ukelele mmoja kwa sababu ya mguu, na huo ukelele ulinifurahisha kwa sababu ulikuwa na nguvu. Nikakaa mbele yake, nikamkumbatia kifuani mwangu kama mtoto wa kunyonya. Ndiyo, mimi, mama mkwe. Kama kuna mzee wa ukoo anayesoma hapa, na aniite.

Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagonga. Halafu akaacha kutetemeka. Nilidhani ni nafuu, nikamshukuru Mungu, kisha nikamwangalia usoni nikaona rangi ya midomo. Macho yalikuwa yamefungwa.

"Fungua macho."

"Siwezi, mama."

"Unaumwa macho?"

"Wewe ni mama mkwe."

Nisikilizeni vizuri hapo. Mtu huyu alikuwa anakufa kwa baridi mikononi mwangu, na alikuwa anafumba macho asinivunjie heshima. Na mimi nilikuwa sijui. Akifumba, sikujua kama anafumba kwa adabu au anafumba kwa sababu anaondoka. Naweka sikio kwenye pua yake, mvua inapiga kelele, sisikii pumzi. Namtingisha, hajibu, namtingisha tena, ananong'ona, "Niko, mama," na macho bado yamefungwa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, hata siku tuliyomzika baba yake binti yangu. Siku ile kilichotokea kilikuwa kimeshatokea.

Nikamshika kidevu. Nikamwambia kwa sauti ya sokoni, sauti ya kumfukuza mwizi wa viatu, "Mimi ndiye mwenye heshima hiyo, si wewe. Ni yangu. Nimeiondoa. Niangalie! Niangalie sasa hivi au nikuchape!"

Alifungua. Ni macho ya kahawia, makubwa, ya mtu mpole. Kumbe mjukuu wangu ameyachukua kwake. Tuliangaliana. Alikuwa anaona haya kama msichana, machozi yanamtoka, na mimi nalia, na nikamwambia asiyaondoe kwangu hata kidogo. Nikaanza kumuuliza maswali ambayo mama mkwe hamuulizi mkwe. Binti yangu anapika vizuri? Anakugombeza? Mtoto analala usiku? Alikuwa anajibu neno moja moja. Macho yakishuka, nampiga shavuni, yanapanda. Yakishuka tena, nampiga tena. Sijui tulikaa hivyo muda gani, na kila yaliposhuka nilikufa kidogo.

Watu walikuja na kamba na machela. Walipomnyanyua kutoka mikononi mwangu nilipiga mayowe kwamba wasimwache afumbe macho, wakadhani nimechanganyikiwa. Hospitalini Kitale daktari alisema mguu utapona kwa vyuma, na kwamba baridi ndiyo ingemuua kabla ya mguu. Binti yangu alikuja amembeba mtoto, akaniona niko na suruali tu, bila sketi, na matope mpaka kwenye meno. Aliuliza, "Mama, ulimshika?" Nikasema nilimshika. Akaniangukia begani.

Kundi bado linakimbia. Waliacha mwezi mmoja, wakarudi, sasa ni wengi kuliko mwanzo, na bado wananunua raba kwangu. Nawauzia, nikiwaambia kila mmoja abebe jaketi na filimbi, wananiambia sawa Mama Woga.

Mkwe wangu alikuja Bungoma alipoweza kutembea kwa magongo. Dada ya mume wangu alikuwa ameshaita watu wa nyumbani, wakwe na hata kwaya yetu, tukachinja, wakaomba, na akatangaza kwamba yaliyotokea mlimani yalikuwa ya kuokoa roho, hakuna laana, na kuanzia leo heshima irudi mahali pake. Watu wakaitikia. Mimi nikaitikia. Ni maneno mazuri na nilikubaliana nayo yote. Nilikuwa natoka jikoni na sinia ya ugali wakati yeye alikuwa anapita uani kwenda kukaa na wanaume. Tukakutana uso kwa uso. Alisimama kwenye magongo yake kama alivyofundishwa, akainamisha kichwa, akafumba macho.

Nilisikia mvua, wallahi, na jua lilikuwa linawaka. Niliweka sinia chini kwenye vumbi, mbele ya wakwe na wazee na kwaya nzima, nikapiga kelele, "Fungua macho!" Dada ya mume wangu akashika mdomo. Binti yangu akaanza kulia. Yeye akafungua, na mimi nikasimama pale namwangalia, siwezi kusogea, mpaka nilipomwona amepepesa.